Siupendi, ila nautaka

Jumapili, usiku

Leo mdogo wangu ametimiza miezi 14 bila kugusa unga, yaani heroini. Hakutaka tuseme lolote. Asubuhi alikwenda kunywa methadoni yake, dawa ya kutibu uraibu wa unga, akarudi, akalala kidogo, jioni akaja kunisaidia kukunja nguo. Nilipokuwa nikimwangalia akinyoosha shuka, nikakumbuka maneno yake ya miaka mitatu iliyopita, maneno yaliyonifanya nimwite mwongo.

"Dada, siupendi tena. Ila nautaka."

Alikuwa ameurudia baada ya miezi 7 ya kukaa vizuri. Nilimuuliza, kitu usichokipenda utakitakaje? Kwangu kutaka ni mtoto wa kupenda. Nikaona ananichezea akili kama alivyotuchezea mara nyingi kabla ya hapo, nikamwambia hivyo, na mengine ambayo siwezi kuyaandika.

Nilikuja kusoma baadaye, kwa hasira zaidi kuliko kwa hamu ya kujua. Nilidhani dopamini ni kemikali ya raha, maana ndivyo inavyosemwa kila mahali. Kumbe mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz alipopima seli za dopamini kwenye ubongo wa nyani, aliona jambo jingine. Mwanzoni seli zilichangamka nyani alipopata tone la juisi. Nyani alipozoea kwamba kuna ishara inayotangulia juisi, mchangamko ule ukahamia kwenye ishara. Juisi yenyewe ikaja, seli zikabaki kama hakuna kilichotokea. Na ishara ikija kisha juisi isije, zilishuka chini ya hali yao ya kawaida.

Sehemu hiyo niliisoma mara tatu. Kwa mdogo wangu ishara ni mlio wa kiberiti cha gesi. Nimewahi kumwona akigeuka rangi kwa sababu tu mgeni aliwasha sigara nje ya dirisha. Ishara imefika, na ubongo wake umeshaanza kudai.

Kisha nikakutana na kazi ya Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan. Yeye na wenzake walichunguza panya walioondolewa karibu dopamini yote. Panya hao hawakukifuata chakula kilichowekwa mbele yao. Wangeachwa, wangekufa njaa. Lakini wakitiwa kitu kitamu mdomoni walijilamba midomo kama panya yeyote anayefurahia. Kupenda kulikuwepo, kutaka kumekwenda. Berridge na Terry Robinson wakasema kwamba katika uraibu hutokea kinyume chake: kutaka kunavimba mwaka hadi mwaka, huku kupenda kukibaki palepale au kunyauka.

Nilifunga kompyuta nikalia. Aliniambia ukweli mtupu, kwa maneno manne, nami nikamwita mwongo.

Kosa jingine lilikuwa la familia nzima. Tulidhani arosto, yale mateso ya mwili unga unapokosekana, ndiyo uraibu. Unga ukifika kwenye ubongo hugeuka mofini na kukaa kwenye vipokezi, sehemu za seli zinazopokea kemikali, ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya dawa zake wenyewe za maumivu, zile endofini. Seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili, hugandamizwa, nazo kwa kuzoea hujifunza kusukuma kwa nguvu zaidi. Siku unga unapokosekana, ule mgandamizo umeondoka lakini msukumo umebaki. Ndipo unaona jasho, kupiga miayo, kamasi, vipele vya baridi, tumbo kuharisha, miguu inayorusha teke usiku kucha. Tulimfungia chumbani siku 9, mama akimkanda, mimi nikishika ufunguo. Siku ya 10 alikula, akacheka, tukashukuru kwamba yamekwisha. Kilichokwisha ni arosto peke yake. Kile kinachoamshwa na mlio wa kiberiti hakikuguswa hata kidogo.

Na hapa ndipo ninapotetemeka hadi leo. Mwili uliopumzika miezi 7 umeshasahau kuhimili. Yeye aliporudia alichukua kipimo chake cha zamani, kile ambacho zamani hakikumtikisa. Mofini hupunguza kasi ya sehemu ya shina la ubongo inayoendesha pumzi. Nilimkuta midomo imebadilika rangi, anakoroma taratibu mno. Waliomwokoa walimchoma naloksoni, dawa inayoung'oa unga kwenye vipokezi, na ndani ya dakika chache akafumbua macho. Walikataa kumruhusu aondoke mapema, kwa sababu naloksoni inaweza kuisha mwilini kabla ya kile ilichokiondoa. Mwenye ndugu aliyetoka kuacha karibuni, jambo hili alijue kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

Sasa kuna ndugu zetu wanaosema methadoni ni kubadilisha teja wa unga kuwa teja wa dawa ya kunywa. Inaniudhi. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuitumia hivi New York miaka ya 1960, na wazo lao bado lina mantiki ileile: inakaa kwenye vipokezi vilevile, lakini inaingia polepole na kudumu zaidi ya siku nzima. Hakuna kupanda ghafla wala kuporomoka. Mdogo wangu zamani aligawa siku yake kwa saa za arosto. Leo amekunywa mara moja, na saa zote zilizobaki ni zake. Mwili wake unaitegemea, ndiyo. Lakini haibi, hadanganyi, hajifichi, wala haifuati usiku wa manane.

Neno "ugonjwa wa ubongo" nalo nalitumia kwa uangalifu tangu siku aliponiuliza, "Kwa hiyo mimi nimeharibika?" Hapana. Ubongo wake ulijifunza kitu vizuri kupita kiasi, na unaendelea kujifunza mengine juu yake, ingawa la zamani halifutiki mara moja. Nilimwambia hivyo nikamwona anafikiri. Sijui kama lilimtosha.

Leo tulipokuwa tumebakiza mashuka mawili, alisimama akiwa ameshika ncha yake.

"Dada, tangu mchana nautaka."

Zamani ningemkagua mifuko. Nikamuuliza kama ni sana. Akasema ni sana kiasi. Nikaweka shuka chini, tukakaa sakafuni tumeegemea kitanda, hatukuzungumza mengi. Mguu wake ulikuwa unatikisika. Baada ya muda, nadhani nusu saa au zaidi kidogo, ukaacha. Akainuka, akachukua ncha yake ya shuka, akasubiri nami nichukue yangu.