Majilio yetu ya kwanza nyumbani Tomondo

Aliyeanzisha yote ni mwanangu mkubwa. Tulikuwa tunakaa Tomondo, Unguja, uchochoro mzima Wakristo ni sisi tu, kwa hiyo watoto Ramadhani walikuwa wanaijua vizuri sana, wanajua mwezi unavyotafutwa, wanajua futari, asubuhi ya Idi wanapita na wenzao kupokea mkono wa Idi kama watoto wote wa mtaa. Basi mwezi wa 11 siku moja nachambua mchele akaja akaniuliza, "Mama, wenzetu wanangoja mwezi mzima ndo wanapata Idi, mbona Krismasi yetu inakuja tu?"

Nikamwambia na sisi tuna kungoja kwetu, kunaitwa Majilio, Jumapili nne kabla ya Krismasi. Kanisani alikuwa anaona mishumaa inawashwa lakini kwa mtoto wa miaka sita hayo ni mambo ya padri. Nikaongea na baba yao, yeye ni mtu wa Muheza, kakulia kwenye Uanglikana wa kengele na ubani, akasema tuanze hapahapa sebuleni.

Mishumaa ya zambarau na ya pinki sokoni Darajani sikuipata, nikanunua myeupe minne ya kawaida, mitatu nikaifunga utepe wa zambarau na mmoja wa pinki, nikaisimamisha kwenye sinia la mchanga. Kila Jumapili tukishakula usiku tunawasha mmoja zaidi, baba yao anasoma kipande kifupi, Isaya 9, halafu Luka, tunaomba, basi. Kifupi kabisa, mana mdogo alikuwa bado wa nasari, ukirefusha analala.

Lakini kilichowashika hasa ni hori, lile la kulishia mifugo alimolazwa Yesu. Tulitengeneza la boksi, tukaliacha tupu, na utaratibu ukawa kila anayefanya jambo jema bila kutumwa anaweka uzi mmoja wa ukindu ndani, ili mtoto Yesu akija akute pa kulala pamelainika. Ukindu alitupa bibi jirani yetu, yeye anasuka ukili wa mikeka, mabaki yote akawa anawawekea. Walianza kugombana nani kaweka mwingi, mdogo akawa anateka kwa gao, nikawaambia aliyeweka haruhusiwi kutangaza, na hapo ndo nikaanza kukuta vyombo vimeoshwa na hakuna anayejua nani kaosha. Nilifurahi sana jamani, nyie acheni tu.

Yule bibi alipowauliza ukindu wa nini wakamweleza, naye akawahadithia kwamba kwenye Kurani bibi Maryam alijifungua penye mtende, akatikisa shina tende zikamwangukia. Wakarudi mbio kuniuliza ipi ni ipi. Nikawaambia bibi kawasomea kama ilivyo kwenye kitabu chao, sisi tunasoma Luka, mtoto alilazwa horini kwa sababu nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Sikutaka wambishie mtu mzima, na sikutaka pia waondoke hawajui kwao wanaamini nini. Bibi siku ya pili akaleta tende za kweli. Tulizila kwa shukrani.

Usiku wa mkesha tukaenda Mkunazini, kanisa kuu la Kianglikana la mjini. Njiani kwenye daladala baba yao akawaeleza lile kanisa limejengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lilifungwa 1873 na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Ndani akawaonesha lile duara la marumaru mbele ya altare, panapoelezwa ulikuwepo mti wa kuchapia watu. Mkubwa akauliza kama walikuwemo na watoto. Nikamwambia ndiyo, wengi. Akanyamaza, ibada ilipoanza akaimba kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia.

Asubuhi mtoto wa udongo akalazwa kwenye ukindu, tukapika pilau, sahani zikatoka kwa majirani, mkubwa akamsomea bibi kwa kichwa ule mstari wa Luka, "leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi", bibi akamsikiliza mpaka mwisho akamwambia ahsante mjukuu wangu. Hori hatukulitoa mpaka Epifania, sikukuu ya mamajusi wa mashariki kumfikia mtoto Yesu, tarehe 6 Januari, mana mamajusi wetu walikuwa bado wako njiani, mdogo anawasogeza kila siku kigae kimoja kutoka mlango wa jikoni na ngamia wao, na ole wake atakayefagia akawachanganya.