Bustani Tuliyoijenga Barazani Mikindani

Kazi ya bandarini ilinipeleka Copenhagen, Denmaki, kwa mafunzo mafupi, na niliporudi Mtwara watu walitaka kusikia habari za baridi na bei za vitu. Mimi nilikuwa na bustani moja tu moyoni. Jumamosi ya kwanza nikaenda Mikindani kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, nikiwa na picha zote za bustani hiyo kwenye simu.

Alasiri hiyo barazani walikuwapo wale wa siku zote: shangazi mwenyewe, jirani yake mzaliwa wa Newala ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa, fundi mchonga vinyago wa nyumba ya tatu, na wajukuu wakiingia na kutoka. Sinia la ming'oko, vile viazi vya porini vya kusini, ya kuchemsha lilikuwa katikati. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, shangazi akasema, "Haya mwanangu, tuambie huko ulikotoka."

Nikawaambia bustani inaitwa Superkilen, iko Nørrebro, mtaa ambao wakazi wake wengi wana asili ya nchi za mbali, na ilifunguliwa mwaka 2012. Ni nyembamba na ndefu, karibu robo tatu ya kilomita, ikipita katikati ya majengo. Upande mmoja sakafu ni nyekundu, waridi na chungwa, na mahali pengine rangi hiyo inapanda mpaka ukutani. Upande wa mwisho ni majani na vilima. Ila katikati ndiko nilikokaa sana. Chini ni peusi, pana mistari myeupe inayokwenda sambamba, na kila mstari ukikutana na kitu, mti au benchi, unakizunguka halafu unaendelea na safari yake, kama maji ya mvua yanavyozunguka shina la mnazi.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Chemchemi ya maji kutoka Moroko, yenye umbo la nyota. Bembea kutoka Iraki. Ulingo wa ngumi kutoka Tailandi. Spika kubwa za muziki za Kijamaika. Wajukuu waligombea picha ya pweza mkubwa mweusi, wa asili ya Japani, ambaye watoto wanapanda kichwani kwake na kuteleza juu ya mikono yake. Mmoja aliuliza kama anauma.

"Na nani aliyechagua hivi vyote?" shangazi akauliza. "Serikali?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri, kwa sababu jibu lake ndilo lililonifanya niirudie bustani ile kila nilipopata nafasi. Wasanifu walikuwapo, BIG wa pale pale Copenhagen na Topotek 1 wa Berlin, pamoja na kundi la wasanii liitwalo Superflex. Lakini waliwauliza wakazi: kule mlikotoka, kitu gani cha mtaani mngependa kukiona hapa? Vingine vikanunuliwa na kuletwa, vingine vikatengenezwa upya kwa mfano wa vile vya kwao, mpaka vikawakilisha nchi zaidi ya 50. Kila kimoja kina kibao kidogo cha chuma kilichozamishwa chini, kikieleza kitu hicho kwa Kidenmaki na kwa lugha ya kilikotoka. Nikaongeza kwamba mwaka 2016 bustani ilipata Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan.

"Aga Khan huyu huyu wa hospitali?" Mama Mkubwa akauliza. Nikamwambia ndiye huyo, naye akaanza kuziangalia picha upya kwa makini zaidi.

Kisha nikawasimulia habari ya udongo. Wasichana wawili wenye asili ya Kipalestina walisafiri pamoja na wale wasanii mpaka Palestina, wakaleta udongo, nao uko pale bustanini, kilima kidogo tu. Fundi alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Akakiweka chini.

Wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, wakitokea upande wa Mueda, yeye akazaliwa upande huu. "Basi mimi," akasema, "kama wangeniuliza, ningeleta udongo wa Mueda. Vinyago viko kila mahali. Vinauzwa mpaka uwanja wa ndege. Udongo wa pale baba alipozikwa kitovu, huo haununuliwi."

Hakuna aliyemjibu kwa haraka, na sidhani alitaka kujibiwa.

Mama Mkubwa alipoanza, yeye hakutaka mchezo. Angeleta bomba la maji la Newala. Uwanda wa Makonde uko juu, mvua ikinyesha maji yanazama, hakuna mto wala kisima cha karibu. Alisimulia jinsi alivyokuwa akiteremka na mama yake usiku kufuata maji bondeni, na kupanda nayo kichwani jua likichomoza. "Bomba la kwanza lilipotoa maji kijijini kwetu, wanawake walipiga vigelegele. Liwekwe bomba, na litoe maji kweli. Wasije wakaliweka la kuangaliwa."

Mjukuu mmoja akataka mkorosho. Nikamwambia mkorosho wenyewe asili yake ni Brazili, Wareno ndio walioueneza pwani hizi. Akakataa katakata, akisema wa babu yake uko Nanyamba. Nikaona ana haki yake.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Akapiga kiganja kwenye jiwe alilokalia, akasema angepeleka baraza hii. Kisha akataka kujua kile kibao cha chuma kingeandikwa nini, na akaniambia niandike kabla sijasahau. Nikafungua simu, akatamka polepole: "Baraza hii aliijenga baba yangu kwa mawe ya matumbawe na chokaa aliyoichoma mwenyewe. Anayepita akae. Asiulizwe anatoka wapi mpaka amalize kula."

"Na kahawa," Mama Mkubwa akasema. "Andika na kahawa."

Nikaandika na kahawa.