Tyrannosaurus wangu kasimama tena

Tabora ikifika Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, joto la chumba cha bati hulegeza plastiki ya sanamu zangu ndogo za dinosaria, wale wanyama wa kale. Kentrosaurus na Giraffatitan wangu, ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru kule Lindi, hawana shida. Wana miguu minne ya kukanyagia. Tyrannosaurus ndiye alianza kuinama, mwishowe akawa analala kifudifudi na kuwaangusha wenzake.

Wengi humwekea kijiti chini ya kidevu. Mimi sikitaki: mnyama huyu alijisawazisha kwa mkia, hakuegemea kitu.

Nilichemsha maji, nikayaepua, nikayaacha yatulie kidogo, nikayamimina bakulini. Nikamtumbukiza miguu tu, mpaka plastiki ikawa laini kama ndala iliyosahauliwa juani. Kisha nikaurudisha mwili nyuma kwenye vifundo, nikipitiliza kidogo pale nilipotaka, maana plastiki hii ina tabia ya kurudi. Bila kumwachia, nikamzamisha kwenye maji baridi ya mtungi. Hapo ndipo penye kazi: ukilegeza mkono kabla hajapoa, anainama upya. Nyayo nilizikandamiza juu ya kioo zilale sawasawa.

Njia hii ni ya PVC laini, plastiki inayopindika. Plastiki ngumu itakukatikia mkononi.

Sasa anakaa rafu ya chini, mbali na jua la mchana. Uchongaji nausifu, viganja vinatazamana badala ya kuelekea chini kama kwenye vinyago vya zamani. Ila kwa nyayo nyembamba vile, alama moja naikata.