Kwa hiyo nimekuwa mbuzi?

Wiki hii posa ya Zuhura imepokelewa, korosho zetu za Nanguruwe zimeingia mnadani, na mimi bado nimeganda kwenye maneno manne ya baba.

"Kwa hiyo nimekuwa mbuzi?"

Alikuwa mkekani, kisamvu cha nazi na samaki changu mbele yake, ugali wa muhogo nimeusogeza pembeni. Nilimwambia tu, "Baba, anza na mboga na samaki, ugali uje mwisho." Angecheka, yangeisha. Hakucheka. Wajukuu wakanyamaza. Akauvuta ugali, akala tonge baada ya tonge huku ananitazama. Kupima sukari yake baada ya saa mbili: 13.8. Akafuta kidole, akaenda zake barazani.

Ni mbuzi, si mbuzi, usiku kucha. Sauti yangu ilikuwa kali? Mama anasema hapana, lakini mama husema hapana kwa kila kitu.

Na jambo lenyewe sikulibuni. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Ukitangulia tumboni, sukari hupanda mbio. Mboga na samaki vikitangulia, tumbo huuachia wanga kidogo kidogo. Nesi wa kliniki anataka tuione chini ya 10, saa mbili tangu tonge la kwanza. Ugali hajaupiga marufuku, kasema upungue. Nani atamnyima mzee wa Mikindani ugali wa muhogo?

Basi jana natoka shuleni, namsikia barazani anamfundisha jirani, mgonjwa wa sukari mwenzake: "Mboga kwanza, bwana. Na ukishakula usilale! Alasiri nenda msikitini kwa miguu, misuli ikifanya kazi inaila ile sukari. Mimi ndivyo nifanyavyo siku zote."

Siku zote!

Nikapita, "Shikamoo baba," uso mkavu. "Marahaba," naye mkavu zaidi. Nilipofika chumbani nilicheka mdomo nimeuziba kwa khanga. Baada ya chakula cha usiku kipimo kikasoma 9.4. Alinionyesha mwenyewe, bila neno, nami nikaandika kwenye daftari bila neno.

Ila mwembe wetu ndio bado unanisumbua. Tawi la upande wa bati la jirani limepasuka, Newala mvua imeshapiga, na fundi mwenye msumeno tangu Ijumaa hapokei simu.