Kibao cha Zakaria na grupu la ukoo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Najua Jumamosi iliyopita sikuleta tafakari na wengine mlinipigia mkidhani naumwa, mama mmoja wa maombi akanitumia mpaka hela ya dawa, nikamrudishia. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na mtoto mchanga ndani na mke asiyeongea na mimi, na kila nikifungua Biblia nitafute cha kuwaandikia naona inanisema mwenyewe, nikaifunga.

Sasa leo naandika. Binti yetu ana siku 11, anakula vizuri, analala mchana na usiku anafanya mkesha kama sisi wa maombi. Na mpaka Jumatano usiku hakuwa na jina. Kadi yake ya kliniki imeandikwa mtoto wa fulani, yaani jina la mama yake, basi. Ile fomu ya cheti cha kuzaliwa ilikuwa juu ya friji imewekewa kikombe juu isipeperuke, na pale kwenye jina la mtoto peupe.

Niwaambie nilichofanya, maana nikianza na maandiko nitajificha humo humo.

Siku aliyozaliwa, mwenzangu bado amelala kwa uchovu, mimi niko nje kwenye benchi nimeshika simu, furaha imenipanda kichwani nikaingia kwenye grupu la ukoo nikaandika, "Bwana ametenda, karibu duniani Tabu mdogo." Tabu ni jina la mama yangu mzazi. Sikumuuliza mtu. Dakika kumi tu mashangazi wameshapiga vigelegele vya kuandika, mjomba kaahidi mbuzi, baba mdogo wa Kongwa kasema sasa ndio nimekuwa mwanaume. Mwanaume kwa kuandika meseji jamani. Mke wangu akajua jina la mwanae jioni, alipowasha simu akakuta wifi zake wanampongeza kwa Tabu.

Hakugombana. Ningefurahi angegombana. Aliniambia tu, taratibu, akimnyonyesha, "Baba Elia, wa kwanza ulimpa jina wewe nikanyamaza. Huyu nimetapika naye miezi minne, nimechanwa nikashonwa, na jina lake nalisikia kwa mawifi." Alafu akageukia ukutani. Siku tatu tukawa tunaongea habari za nepi na uji tu.

Na mimi wapendwa, mtu wa kuongoza maombi, nikajipa haki. Nikasema nimemheshimu mama, amri ya tano si ipo? Nikasema mwanamke anataka kuniletea Uchaga ndani, maana yeye kwao Machame na alikuwa na jina lake moyoni tangu mimba ina miezi sita, Haika, yaani asante kwa Kichaga. Jina zuri tu. Lakini mimi kila akilitaja nilikuwa nasema ntafikiria, na ntafikiria ya mwanaume mnaijua wenyewe kinamama, maana yake hapana ila sina ujasiri.

Basi Jumatano asubuhi niko kwenye daladala naenda kazini, nikafungua Luka 1 kwa mazoea tu. Habari ya Zakaria na Elisabeti, wazazi wa Yohana Mbatizaji, tunaijua wote, tunaihubiri kila Desemba, malaika, Zakaria kuwa bubu kwa kutoamini, mtoto wa uzee. Ila nilikuwa sijawahi kuisoma nikiwa na kosa. Nikaona kitu.

Siku ya nane ndugu wamejaa nyumbani, jina wanalo tayari, Zakaria, la baba yake. Elisabeti anasema la, sivyo, ataitwa Yohana. Sasa angalia wanavyomjibu: hapana mtu katika jamaa zako aitwaye jina hilo. Alafu wanamruka! Mama kaongea wazi, mwenye mdomo ndani ya nyumba ile ni yeye peke yake, lakini wao wanamwacha anayeongea wanaenda kumfanyia ishara za mikono asiyeongea, ili tu wapate neno la mwanaume. Nilicheka kwenye daladala mpaka konda akaniangalia. Maana ni sisi. Ni ukoo wangu kabisa. Mke akisema jambo wanapiga simu kwa mume kuulizia kama ni kweli.

Na Zakaria hapo alikuwa na nafasi yake nzuri sana. Ndugu wako upande wake. Jina linalopiganiwa ni lake yeye mwenyewe, sio la mjomba. Kuna mwanaume gani hapa atakataa mtoto wa uzeeni abebe jina lake? Angeandika herufi chache tu na mke angefungwa mdomo, na hakuna mtu angemlaumu. Akaomba kibao akaandika, Jina lake ni Yohana. Hakuandika naona aitwe, wala mama yake anataka aitwe. Jina lake ni. Kama mtu anayesaini chini ya maneno ambayo mke ameshayasema.

Na papo hapo kinywa kikafunguka. Hebu tulia hapa na mimi kidogo, maana hapa ndipo nilipopitiliza kituo. Mtoto alizaliwa siku nane nyuma. Muujiza wenyewe, tumbo la mwanamke mzee kuzaa, ulikuwa umeshatimia, lakini mzee bado bubu. Amembeba mtoto, bubu. Ndugu wameimba, bubu. Ulimi umekuja kufunguka siku alipokubaliana na mkewe mbele ya jamaa zake. Najua malaika alimwambia atakuwa bubu mpaka mambo yale yatakapotokea, sasa na jina lilikuwemo kwenye yale mambo, Gabrieli alilitaja. Walimu wa neno watanisahihisha kama nimezidisha. Ila mimi nilijiona. Mwezi wa nne sasa nasali nasikia maneno yangu yanagonga dari yanarudi, nikawa nalaumu uchovu, nikalaumu wachawi hata, kumbe Petro aliandika kabisa kwamba waume waishi na wake zao kwa akili na wawape heshima, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe. Kuomba kwao kusizuiliwe! Tunakesha Ijumaa tunamkemea shetani anayezuia maombi na huku anayezuia amekaa safu ya mbele ameshika maiki.

Wanaume wenzangu wa kundi hili naomba niseme nanyi na msinikasirikie, kwanza nimejichapa mimi. Tuna ugonjwa wa kutangaza. Tunanunua kiwanja mke anasikia kwa jirani, tunaahidi mchango wa harusi laki tatu mke anasikia siku ya kikao, tunampa mtoto jina mke anasikia kwenye grupu. Alafu akinyamaza tunaandika kwenye kumbukumbu zetu kwamba amekubali. Ndugu yangu, kunyamaza kwa mke wako sio ndiyo. Elisabeti alipopewa nafasi alisema la, sivyo, mbele ya kadamnasi, na Roho Mtakatifu hakuona aibu kumwandikia Luka hilo neno. Wako wewe mara ya mwisho alikuambia la sivyo lini, na ulimfanya nini? Kama hajawahi hata mara moja basi usijisifu kwamba nyumba yako ina amani.

Na kwa watoto wa kike ndio tunazidi. Wa kiume tunamtafutia jina lenye historia, tunampigia simu mzee kijijini, wa kike tunasema ah mpeni lolote zuri. Hata kwenye Mwanzo ukisoma Lea na Raheli wanavyozaa, kaka kumi waliomtangulia Dina kila mmoja jina lake lina maelezo, Bwana ameona, Bwana amesikia, sasa mume wangu ataambatana nami. Akifika Dina ni mstari mmoja, akazaa binti akamwita Dina. Basi. Hamna sababu. Sura nne mbele yale yaliyompata tunayajua, wanaume wanapatana juu yake na sauti yake hatuisikii hata mara moja. Sisemi jina ndio lilisababisha, msininukuu vibaya. Nasema tu nilimwangalia wangu kwenye beseni anaogeshwa nikasema huyu hatakuwa wa mstari mmoja.

Nirudi kwenye habari yangu. Jumatano ile jioni nikampigia mama, nimejipanga nimwambie kwa upole kwamba jina lake huenda lisiwezekane, asiumie. Nikazunguka sana, mara salamu za mvua, mara mahindi yamefikaje. Mwishowe nikasema. Kimya. Alafu mama yangu akasema, "Kwani mimi nilikuomba?"

Nikabaki nimeshika simu.

Akasema, "Nimeona huko kwenye grupu nikasema huyu mtoto ana akili kweli? Mimi nimezaliwa 1974 njaa imeshika nchi, bibi yako hana maziwa, wanakula unga wa njano wa msaada, ule wa yanga, basi akaniita Tabu. Ilikuwa tabu yake. Mimi nikaibeba. Shuleni nikichelewa mwalimu anasema tabu imefika. Kuolewa, mama yake baba yako aliuliza mara mbili, anaitwa nani? Sasa miaka hamsini nimeivumilia nikasema itakwisha na mimi, wewe unaifufua kwa mjukuu wangu." Alafu akasema, "Mpe mkeo simu." Nikampa. Wakanifukuza chumbani. Dakika arobaini wapendwa, sijui walichoongea mpaka leo, nilisikia tu wanacheka na mara moja kama wanalia.

Nimepigana wiki nzima vita ya kumheshimu mama kwa kitu ambacho mama hakukitaka. Nilikuwa sijamuuliza mke na sijamuuliza mama. Hao ndio wanawake wawili waliokuwa na neno.

Usiku ule mwenzangu akakaa kitandani, nikamwomba msamaha, sio ule wa "kama nimekukosea". Nikamwambia tuandike Haika, kesho napeleka fomu. Akakaa kidogo akasema hapana. Nikashangaa. Akasema, "Wewe ukilitamka unalitamka kama mtu anameza panadol. Sitaki mwanangu aitwe na baba yake hivyo miaka yote. Nataka jina ambalo hata ukiwa umemkasirikia likikutoka mdomoni linakuwa tamu." Nikasema sasa huyu ndio mchungaji wa nyumba hii, mimi ni mtunza viti.

Tukachukua daftari la Elia la hesabu, kibao chetu. Akasema twende kwa Ayubu, maana mama kamwambia habari za tabu hizo zote. Mwisho kabisa, sura ya 42, Ayubu anapata tena wana saba na binti watatu, na wale wana saba Biblia haitaji jina hata la mmoja, ila mabinti wote watatu wanatajwa, Yemima, Kezia na Keren-hapuki, alafu baba yao akawapa urithi pamoja na kaka zao. Hapo mkewe hatajwi kabisa, sijui kama alishirikishwa, tutamuuliza mbinguni. Keren-hapuki maana yake ni pembe ya kuwekea wanja, tulicheka mpaka mtoto akaamka, mzee ametoka kwenye majipu na majivu anamwita mtoto kikopo cha wanja, furaha hiyo ilikuwa ya namna gani! Kezia ni ule mti wa magome yanayonukia, ndugu yake mdalasini. Mwenzangu akalitamka mara moja, akanyamaza. Mimi nikalitamka. Akasema rudia. Nikarudia. Akaniuliza, "Umelipenda kweli au unanilipa deni?" Nikamwambia nimelipenda. Akaniangalia usoni muda mrefu kama mtu anayekagua noti, alafu akaandika yeye kwanza, na mimi nikaandika chini yake.

Haika ataitwa tu na bibi yake wa Machame, huyo hakuna wa kumzuia.

Wenye mtoto njiani ambao mnavutana, sina kanuni ya kuwapa. Sheria yetu inawapa miezi mitatu ya kumsajili kwa wakati kwa hiyo hakuna anayewakimbiza, msikimbizwe na grupu. Ila kila mmoja aseme jina lake na sababu yake mwenzake akiwa kimya, hasa baba, ukimya ulimfaa Zakaria miezi tisa na wewe utakufaa jioni moja.

Jana asubuhi ndio nikaingia kwenye grupu la ukoo. Nimefuta nikaandika, nimefuta nikaandika. Mwisho nikatuma, "Ndugu zangu nisameheni nilitangulia kusema kabla ya mama wa mtoto. Jina lake ni Kezia." Tiki za bluu zikawaka moja moja. Shangazi mkubwa ndio wa kwanza kujibu, akaandika: "Kezia?? Kwenye ukoo huu nani anaitwa hivyo?"

Nikampelekea mwenzangu simu jikoni asome. Alicheka akashikilia meza, mshono bado unamvuta. Mjomba hajasema lolote kuhusu mbuzi. Tuombeeni, kesho baada ya ibada tunapita mbele kumshukuru Mungu, na mchungaji akiuliza anaitwa nani, atajibu mama yake.