Saa yangu haikusogea, zao zilisogea

Nafundisha Kiswahili kwa njia ya vidio nikiwa nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 2024 Jumanne zangu zilikuwa zimekaa vizuri: saa kumi na moja jioni mwanafunzi wa London, saa kumi na mbili mwanafunzi wa New York. Ratiba niliiandika kwa maka peni nikaibandika ukutani juu ya meza. Kalenda ya simu nilikuwa nayo, ila kazi yake ilikuwa kulia tu. Kuitazama sikuwa naitazama.

Jumanne ya tarehe 12 Machi simu ikalia mara mbili kwa mpigo. Sikujali, nikaanza kipindi na yule wa London. Hata hatujamaliza kujuliana hali, wa New York naye akapiga. Nikamwandikia kwamba amewahi, asubiri kidogo. Akajibu: "Mwalimu, hapa ni saa nne kamili."

Nikapiga hesabu kichwani. Tofauti yetu ni saa nane, kwangu ni saa kumi na moja jioni, basi kwake ni saa tatu asubuhi. Nikamweleza, kwa ule upole wa walimu unaoudhi, kwamba hajaelewa vizuri somo la kusoma saa na tutalirudia. Akanitumia picha ya saa ya jikoni kwake.

Alikuwa sahihi. Jumapili ya tarehe 10 Marekani walikuwa wamesogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka kabla ya majira ya joto, na tofauti yetu ikashuka kutoka saa nane hadi saba. Mwaliko wa kile kipindi aliutuma yeye, kutoka kalenda ya ofisini kwake, kwa hiyo ulifuata saa ya New York: kwake kipindi kilibaki palepale, kwangu ndiko kilikohama. Kalenda yangu ilikuwa inaonyesha hivyo siku zote. Mimi ndiye niliyeuamini ukuta.

Kwa nini London hawakusogea siku hiyo hiyo? Kwa sababu kila upande una sheria yake. Tangu 2007 Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi; Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho, ambayo mwaka ule ilikuwa tarehe 31. Hapo katikati kuna wiki tatu ambazo hesabu yoyote uliyoizoea ni ya uongo. Wa London nikamhamishia Jumatano kwa wiki mbili zilizobaki. Wa New York nilimwacha kwenye saa yake mpya, na kusema kweli ilinifaa: Ramadhani ilikuwa imeanza wiki hiyo, na kipindi cha saa kumi na mbili kingenikuta na ndimi mbili, moja kwenye ngeli na nyingine kwenye futari.

Nikadhani yameisha. Tarehe 2 Aprili, saa kumi na dakika tano, nimesimama kwenye daladala pale Buguruni, ujumbe ukaingia kutoka London: "Mwalimu, upo?"

Kosa hili lilikuwa langu mwenyewe. Mwaliko wake niliutengeneza mimi, na nilipofika kwenye saa za eneo nilichagua mstari ulioandikwa GMT+0, yaani saa ya Greenwich bila kuongeza wala kupunguza, maana shuleni tulifundishwa kwamba London ndiko GMT inakotoka. Inatoka huko, lakini wenyewe huitumia kwa miezi mitano tu ya mwaka. Huo mstari wa namba hausogei kamwe. Kwa hiyo saa za London ziliposogea, kalenda yake ikaonyesha saa tisa alasiri, huku barua pepe ya kukumbusha ikiendelea kuandika "14:00 GMT" kama kawaida. Yeye akaona 14, saa aliyoizoea, akaomba ruhusa kazini, akawasha kompyuta.

Usiku ule nilikaa na ile orodha hadi nikaielewa. Programu yangu ilikuwa inaandika GMT-5 pembeni ya New York mwaka mzima, hata majira ambayo kule ni GMT-4. Namba hiyo ni ya majira ya baridi, imebandikwa tu. Cha kuaminika ni jina la mji, kwa sababu nyuma yake kuna kanuni za mji huo, pamoja na tarehe za kusogeza. Kumbukumbu hizo zipo wazi chini ya IANA, taasisi inayotunza majina na namba za intaneti, na majina yake ni kama America/New_York na Europe/London. Na sisi tumo: Africa/Dar_es_Salaam. Nilifurahi kuliona, sijui kwa nini.

Nikafuta mialiko yote na kuitengeneza upya kwa majina ya miji. Kila mwanafunzi nikamuuliza: kipindi chetu kifuate saa yako au yangu? Wote walichagua yao, wana kazi na watoto wa kupeleka shule. Yupo mmoja wa Phoenix ambaye hakuwahi kunisumbua, kwani jimbo lao la Arizona, ukiacha eneo la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, hawasogezi saa.

Kwenye ujumbe sasa naandika saa mbili mbili, yao na yangu, kwa tarakimu. Sisi tumezoea kusoma 17:00 na kutamka saa kumi na moja bila kufikiri, kwa sababu jua letu huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima na tunahesabu kuanzia hapo. Mwanafunzi aliye kwenye mwezi wake wa pili wa kujifunza akiona "saa kumi na moja" anaelewa 11. Hilo nalo lilishanigharimu kipindi.

Ratiba ya ukutani niliibandua. Mahali pake nikaandika tarehe mbili tu: 27 Oktoba, London wanarudisha saa; 3 Novemba, New York nao. Kati yake kuna Jumanne moja, tarehe 29, ambapo vipindi vyangu viwili vingegongana tena saa kumi na moja. Wiki mbili kabla nilimwomba wa London tukutane Jumatano. Akajibu kwamba alikuwa anasubiri nimwambie; tarehe hiyo alishaizungushia duara.