Gari linavuta kushoto, tairi limelika ndani: nilivyopata chanzo

Tairi kulika vibaya na gari kuvuta upande mmoja vinaweza kuwa magonjwa mawili tofauti. Natamani kila mwenye gari alijue hilo kabla hajalipia kupanga magurudumu, yaani kurekebisha pembe zake (wheel alignment). Gari langu ni la miaka ya karibuni na halijatembea sana, lakini lilikuwa na yote mawili: lilivuta kushoto, na tairi la mbele kushoto lilikuwa limelika ukingo wa ndani. Magurudumu yakapangwa kwa mashine, karatasi ya vipimo ikatoka kijani tupu, yaani pembe zote ni sawa, na gari likaendelea kuvuta vilevile.

Nikaanza na upepo, tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha kwenye mlango wa dereva. Ulikuwa sawa. Kisha nikazima mfumo wa kamera unaogeuza usukani wenyewe ili gari libaki kwenye mstari wake, maana kamera ikiwa kazini huwezi kujua ni nani anayegeuza usukani. Nikatafuta pia mahali tambarare kabisa, kwa sababu barabara nyingi huinuliwa katikati ili maji yatiririke, na gari kuelemea pembeni kidogo ni jambo la kawaida. Bado lilivuta kushoto. Mwisho wa safari nilisogeza kiganja karibu na kila rimu: breki inayong'ang'ania huipasha moto rimu ya upande wake. Joto lilikuwa moja kote.

Jaribio lililofungua mambo ni la kubadilishana tairi za mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto. (Usifanye hivyo kama tairi zina mshale wa mwelekeo ubavuni.) Gari likaanza kuvuta kulia! Basi mvuto ulikuwa ndani ya tairi, si kwenye pembe za magurudumu. Lakini tairi lipi? Nikawa nahamishia nyuma moja baada ya jingine, na mvuto ukatoweka lilipokwenda nyuma lile lililokuwa kulia tangu mwanzo, ambalo lilikuwa limelika sawasawa na halina alama yoyote. Tairi huweza kutoka kiwandani mikanda yake ya waya imekaa pembeni kidogo ya katikati, likawa na tabia ya koni: linapobingirika linasukuma upande mmoja. Mashine ya kupanga magurudumu hupima pembe tu, haiwezi kuliona hilo.

Ulaji wa lile la kushoto ulibaki na maswali yake. Tairi lenye upepo mdogo hulika kingo zote mbili, lenye upepo mwingi hulika katikati. Langu lilikuwa ukingo mmoja tu, na nilipopitisha kiganja juu ya meno yake kwenda kulia na kurudi kushoto, upande mmoja lilikuwa laini na upande wa pili linakwaruza kama msumeno. Hiyo ni dalili ya gurudumu lisilotazama mbele sawasawa. Karatasi ilisema linatazama vizuri, kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachosogea gari likiwa mwendoni.

Nikamwomba fundi apenyeze mtaimbo kwenye mkono wa chini wa gurudumu hilo, chuma kinacholiunganisha na gari, ili aone kama unacheza. Bushi ya nyuma, mpira unaoshika mkono huo, ilikuwa imepasuka. Ilikuwa ya aina inayobeba majimaji ndani, nayo yalishavuja na kuacha doa. Kila breki iliposhika, mkono ulirudi nyuma na gurudumu likageukia nje kidogo. Gari likisimama kwenye mashine, kila kitu kilirudi mahali pake.

Tulibadilisha bushi za pande zote mbili, kisha magurudumu yakapangwa upya. Nilisisitiza nipewe vipimo vya kabla na baada, na sensa ya pembe ya usukani irekebishwe, kwani kwenye usukani wa umeme ikibaki na sifuri isiyo sahihi gari linaweza kuendelea kukusumbua. Mbele nikafunga tairi mbili mpya. Lile la koni liko nyuma. Ukingo wa ndani wa lile lililolika ulikuwa umekaribia milimita 1.6, kikomo cha kisheria katika nchi nyingi, ilhali ukingo wa nje ulikuwa bado na meno marefu. Kwenye hizi mpya napima kina ndani na nje kila ninapokagua upepo, na hadi sasa vinalingana.